Kuchagua na Kufunga Kontrola ya Baiskeli ya Umeme

Katika likizo mbili zilizopita nilikuwa na kazi ya kuitia mota ya umeme baiskeli ya mjomba wangu, ambaye huchukua mihogo na mkaa kutoka bonde la mto Enyau na kupanda navyo mpaka sokoni Arua. Kazi hiyo imenifundisha mambo mengi. Mengine niliyajua kwa hesabu za darasani, na mengine niliyapata kwa hasara. Kwa kuwa wanafunzi wenzangu wengi wameniuliza habari zake, nimeona vema niandike somo zima hapa, ili atakaye kujaribu asirudie makosa yangu.

Mjomba ameendesha baiskeli ya mizigo kwa miaka zaidi ya ishirini. Siku moja nilimkuta ameketi kando ya njia, katikati ya mlima, anakanda goti. Akaniambia, "Baiskeli haijachoka, mpwa wangu. Goti ndilo limechoka." Ana watoto watatu shuleni, na ada yao yote hutoka katika magurudumu yale mawili. Basi nikamwahidi kwamba nitajaribu.

Baiskeli ya mizigo si jambo geni Uganda. Jina la boda boda lenyewe lilianza huko Busia katika miaka ya 1960, vijana walipokuwa wakipakia watu na bidhaa kwa baiskeli kati ya forodha ya Kenya na ya Uganda. Kutia umeme katika baiskeli pia si ndoto tena, kwani huko Jinja chama cha FABIO kimekwisha kuleta baiskeli za umeme zilizoundwa kwa ajili ya mizigo na njia zetu. Lakini anayenunua baiskeli iliyokamilika hupewa kila kitu kimekwisha kulinganishwa. Anayeitengeneza mwenyewe hana budi kulinganisha vitu vitatu: betri, mota, na kile kinachokaa katikati yao, yaani kontrola. Makosa mengi huanzia hapo.

1. KONTROLA NI NINI?

Mwanasayansi Michael Faraday wa Uingereza alionyesha mwaka 1821 kwamba umeme na sumaku vyaweza kufanya kitu kizunguke. Mota nyingi za zamani zilikuwa na brashi za kaboni, zilizogusana na sehemu inayozunguka na kuigeuzia umeme kila mara. Mota za baiskeli za siku hizi hazina brashi. Zimefichwa ndani ya habu ya gurudumu. Sumaku zake huzunguka, na koili za waya wa shaba hukaa palepale bila kuzunguka.

Sasa fikirini: ikiwa hakuna brashi, nani atakayegeuza umeme ili sumaku ziendelee kuvutwa mbele? Hiyo ndiyo kazi ya kontrola. Ndani ya kisanduku chake cha alumini mna transista sita kubwa au zaidi. Zinafungua na kufunga umeme kwa zamu katika nyaya tatu nene za mota, na kila mzunguko mmoja wa umeme una hatua sita. Kontrola hujua zamu ya nani imefika kwa kuulizia sensa tatu ndogo zilizomo ndani ya mota. Sensa hizo huitwa sensa za Hall, kwa jina la Edwin Hall wa Marekani, ambaye mwaka 1879 aligundua jinsi sumaku inavyougusa umeme unaopita katika bamba la madini.

Kadhalika kontrola hupunguza umeme kwa kuukata na kuurudisha mara maelfu mengi katika sekunde moja. Ukizungusha mpini wa mwendo kidogo, huuachia kwa muda mfupi. Ukiuzungusha sana, huuachia kwa muda mrefu. Kwa hiyo kontrola ni kama msimamizi wa mlango: yeye ndiye aamuaye umeme upite kiasi gani, na upite wakati gani. Msimamizi mbaya huharibu nyumba nzima.

2. KUCHAGUA: MASWALI MANNE

Swali la kwanza: volti ngapi?

Hapa ndipo nilipopoteza akiba yangu ya muhula mzima. Nilikuwa na betri ya volti 48, na mwenye duka mmoja akaniuzia kontrola iliyoandikwa 36V kwa bei nafuu. Nikajisemea kwamba tofauti ni ndogo. Nilipoiunganisha nikasikia mlio mdogo, kisha ikanuka na kutoa moshi. Niliifungua kisanduku nikaona kapasita zimevimba na moja imepasuka. Ubavuni mwake zilikuwa zimeandikwa 50V.

Sababu ni hii. Namba 48 ni jina tu la betri. Si volti zake zote. Betri ya lithiamu ya volti 48 aghalabu ina seli 13 zilizopangwa mfululizo, na kila seli ikijaa hufika volti 4.2. Fanyeni hesabu: 13 mara 4.2 ni volti 54.6. Kapasita zilizovumilia 50 tu zingewezaje kuhimili 54.6? Katika kontrola nyingi za volti 48 kapasita huandikwa 63V, nazo zina nafasi ya kutosha.

Kinyume chake pia hakifai. Betri ya volti 36 ina seli 10, na ikijaa kabisa hufika volti 42. Kontrola ya volti 48 imewekewa kujizima volti zikishuka kufikia kama 40 au 42, ili betri isikauke ikaharibika. Basi ukiifunga katika betri ya 36, itadhani betri imekwisha wakati ndiyo kwanza imejaa. Kanuni ni hii: linganisha volti za betri ILIYOJAA na uwezo wa kontrola, kisha linganisha volti za betri ILIYOKWISHA na mahali kontrola inapojizima.

Swali la pili: ampea ngapi?

Wengi hununua kontrola ya ampea nyingi kadiri wawezavyo, wakidhani ndiyo bora. Sivyo. Yafaa kuanza na mlima na mzigo. Tufanye hesabu ya mjomba.

Baiskeli, mota na betri pamoja ni kilo 30. Mpandaji ni kilo 60, na mzigo kilo 60. Jumla ni kilo 150. Tuseme mlima unapanda meta 6 katika kila meta 100, nasi tunataka kwenda kilomita 10 kwa saa, ambazo ni meta 2.8 kwa sekunde. Katika sekunde moja tunapanda juu meta 0.168. Nguvu inayohitajika kuinua uzito huo ni 150 mara 9.8 mara 0.168, yaani wati 247. Tuongeze wati 40 hivi kwa ajili ya tairi kusuguana na barabara. Tunapata karibu wati 290.

Lakini mota haigeuzi umeme wote kuwa mwendo. Sehemu nyingine hupotea kuwa joto, hasa inapokwenda polepole. Tukisema inafaulu sehemu 70 katika 100, tutahitaji wati 410 hivi kutoka katika betri. Gawanya kwa volti 48: ni kama ampea 9. Mahali palipo pakali maradufu, hesabu hiyohiyo hutupa karibu ampea 16. Kwa hiyo kontrola ya ampea 20 inatosha, nayo yaweza kutoa mpaka wati 960 kwa muda mfupi. Mota tuliyochagua ni ya wati 500, yenye gia ndani ya habu, maana ya namna hiyo hupanda vizuri ikienda polepole.

Kwa nini nisichukue ya ampea 40? Kwa sababu koili za mota zingepata moto hata varnishi yake iungue. Na betri nayo ina ubao wake wa ulinzi, ulioandikwa ampea unazoruhusu. Ubao wa ampea 15 ukifungwa na kontrola ya ampea 20, utakata umeme katikati ya mlima, mzigo ukiwa mgongoni. Sharti ubao wa betri uruhusu zaidi ya kontrola. Wetu ni wa ampea 30.

Swali la tatu: inazo sensa au haina?

Ziko kontrola zisizotumia sensa za Hall. Hizo hukisia mahali sumaku zilipo kwa kupima umeme unaozalishwa na mota inapozunguka. Lakini mota iliyosimama haizalishi kitu, hivyo kuondoka na mzigo mlimani hutetemeka na kusitasita. Kwa kazi ya mizigo, nunua yenye sensa. Zipo pia zinazoweza kufanya yote mawili, na hizo ni nzuri zaidi, kwa kuwa sensa moja ikiharibika njiani utaweza kufika nyumbani.

Swali la nne: inajua kusimama?

Swali hili sikuuliza wakati ule, na nitaeleza baadaye lililotupata. Kontrola nzuri ina plagi ya breki, nayo hukata mota mara tu ukivuta wenzo wa breki. Tena inatambua kama mpini wa mwendo umeharibika, na kukataa kuondoka. Usinunue isiyo na plagi ya breki, hata ukipewa kwa nusu bei.

3. KUFUNGA NYAYA

Kabla ya yote, ondoa betri uiweke mbali. Soma karatasi iliyokuja na kontrola yako. Nitataja rangi za nyaya zilizo za kawaida, lakini rangi si sheria, viwanda hutofautiana. Ukitia shaka, tumia mita, wala usikisie.

Kwanza, mahali pa kontrola. Iweke panapopata upepo, maana ile alumini ndiyo inayotoa joto. Usiizungushie kitambaa wala kuifungia ndani ya sanduku lisilo na tundu. Nyaya zielekee chini, na kila waya uning'inie kidogo kabla ya kuingia, ili maji ya mvua yadondoke hapo yasiufuate mpaka ndani. Mvua za West Nile mnazijua.

Pili, ekseli ya mota. Mota inapolisukuma gurudumu mbele, ekseli nayo husukumwa kurudi nyuma. Ikiteleza ndani ya foko, itazunguka na kuzikata nyaya zote. Funga mkono wa chuma unaoishika ekseli na kuifunga kwenye fremu. Sisi tulichongewa na fundi wa kulehemu.

Tatu, nyaya tatu nene za mota: ya manjano, ya kijani na ya buluu. Ziunganishe rangi kwa rangi.

Nne, plagi ya sensa za Hall, yenye nyaya tano nyembamba. Waya mwekundu huchukua volti 5, mweusi ni wa kurudisha, na tatu zilizobaki ni za habari.

Tano, breki. Kwa kawaida ni nyaya mbili kwa kila wenzo; ukivuta breki, swichi ndogo huziunganisha. Funga mikono yote miwili, wa kulia na wa kushoto. Natilia mkazo kwamba breki zifungwe KABLA ya mpini wa mwendo.

Sita, mpini wa mwendo. Una nyaya tatu: mwekundu wa volti 5, mweusi wa kurudisha, na wa tatu wa habari. Huo wa tatu hutoa kama volti 0.8 mpini ukiwa umelala, na hupanda kufikia kama volti 4.2 ukiuzungusha mpaka mwisho. Kontrola husoma namba hizo na kujua unataka mwendo gani.

Saba, waya wa ufunguo. Huu ni mwembamba mwekundu, nao huamsha kontrola. Upitishe katika swichi, na swichi hiyo iwe juu ya usukani, karibu na kidole gumba.

Nane na mwisho, nyaya kubwa za betri pamoja na fyuzi. Tumia waya wa sola wa milimita za mraba 4, ambao hupatikana katika maduka mengi ya sola. Mtu mmoja atauliza, "Kwa nini usitumie mwembamba wa bei rahisi?" Tupime. Waya wa milimita 1 ya mraba, wenye urefu wa meta 2 kwenda na kurudi, una ukinzani wa omu 0.035. Ampea 20 zikipita humo, wati 14 hupotea kuwa joto ndani ya waya. Katika waya wa milimita 4 hupotea wati 3.5 tu.

Fyuzi iwe ya ampea 30, nayo ifungwe katika waya mwekundu karibu kabisa na betri, ili waya ukichubuka mahali popote mbele yake uwe umelindwa. Angalieni sana jambo hili: fyuzi ndogo za rangi za magari aghalabu zimeandikwa 32V. Hizo zafaa betri za volti 12 na 24. Katika volti 54 zaweza kukatika na cheche ikaendelea kuruka ndani yake, umeme usikome. Tafuta fyuzi iliyoandikwa kwamba yahimili volti za betri yako, kwa umeme wa moja kwa moja.

Kisha hakikisha kwa mita kwamba chanya ni chanya na hasi ni hasi. Kontrola nyingi zikiunganishwa kinyume hufa papo hapo. Tena mnapochomeka kwa mara ya kwanza mtaona cheche kubwa, kwa sababu kapasita ni tupu nazo humeza umeme kwa pupa. Kuzuia hayo, gusisha kwanza kwa kupitia rezista ya omu 100 kwa sekunde chache, halafu ndipo uchomeke plagi yenyewe.

4. KUJARIBU

Geuza baiskeli, au iinue mpaka gurudumu la mota liwe hewani. Kwa majaribio tia fyuzi ndogo ya ampea 5 badala ya ile ya 30. Kosa likiwapo, fyuzi itakufa badala ya kontrola.

Washa ufunguo bila kugusa mpini. Pima plagi ya Hall: baina ya mwekundu na mweusi pawe na volti 5 au karibu yake. Kisha pima kila waya wa habari huku ukizungusha gurudumu polepole kwa mkono. Sharti ipande mpaka karibu 5 na kushuka mpaka karibu 0, mara kwa mara. Mota ya gia huzunguka ndani tu ukilirudisha gurudumu nyuma, kwa sababu kwenda mbele huteleza kama gurudumu la baiskeli yoyote. Mimi sikujua hayo, nikazungusha mbele nusu saa nzima, nikidhani sensa zimekufa.

Sasa zungusha mpini kidogo sana. Gurudumu likienda mbele bila makelele, mshukuru Mungu. Likinguruma, likitetemeka na kukataa, acha mara moja: zamu za nyaya hazipatani. Usiguse nyaya za Hall. Badilisha nyaya tatu nene tu. Zina mipango sita, na mmoja katika hiyo sita ndio sahihi. Ukipata mpango laini lakini gurudumu linarudi nyuma, badilisha mahali pa nyaya mbili za habari za Hall, halafu utafute tena katika mipango sita. Andika kila mpango katika daftari, ama utajaribu ule ule mara tatu.

5. YALIYOTUPATA

Sasa nieleze lile nililoahidi. Kontrola ya pili ilikuwa ya volti 48 na ampea 20, na ilikwenda vizuri ajabu. Mjomba alipanda mlima na magunia mawili huku akicheka, na watoto wakimfuata mbio. Lakini plagi ya breki nilikuwa sijaifunga. Nilisema nitaifunga kesho, maana breki za baiskeli zenyewe zilikuwapo. Swichi ya ufunguo nayo niliiweka chini ya fremu, ambako mzigo huifunika.

Siku ya nne, akiwa anateremka, waya mweusi wa mpini ulikatika pale unapokunjwa karibu na usukani. Mngedhani kwamba waya ukikatika mota itasimama. La! Waya wa kurudisha ukikatika, ule wa habari hupanda mpaka karibu volti 5, na kontrola isiyojilinda husoma kwamba mpandaji anataka mwendo wote. Baiskeli ikaruka mbele. Mjomba akavuta breki, lakini breki zilikuwa zikishindana na mota pamoja na mteremko. Akautafuta ufunguo, hakuufikia. Kwa bahati njema hapakuwa na mtu mbele yake. Akaipeleka ndani ya shamba la mihogo, akaanguka. Kiwiko kikateguka, na majuma matatu hakufanya kazi. Binti yake wa kwanza alichelewa kurudi shuleni kwa sababu hiyo.

Nilikwenda kumwomba radhi. Hakunigombeza. Aliniuliza jambo moja tu: "Uliifundisha kwenda. Nani alipaswa kuifundisha kusimama?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Basi tulinunua kontrola ya tatu, ambayo hutambua mpini ulioharibika. Nikafunga breki zote mbili, nikahamishia ufunguo juu ya usukani, na waya wa mpini nikaupitisha ndani ya mpira ili usikunjike penye ncha kali. Mwalimu wetu wa fizikia akaja kutazama, akanitaka nifanye majaribio mawili mbele ya mjomba, gurudumu likiwa hewani. La kwanza: mpini umezungushwa mpaka mwisho, vuta breki, mota ikate mara moja. La pili: zima, chomoa waya mweusi wa mpini, washa tena, gurudumu lisizunguke hata kidogo. Kontrola isiyofaulu majaribio haya mawili isitoke nje ya ua. Mjomba alitazama yote, akataka yarudiwe mara tatu, ndipo akapanda.

6. BETRI NA SAFARI

Betri yetu ni ya volti 48 na saa-ampea 13. Ukizidisha unapata saa-wati 624, yaani kama uniti moja ya umeme mtu akiigawanya akatumia zaidi kidogo ya nusu. Tangu mwaka 2012 mtambo wa maji wa Nyagak karibu na Paidha, wa megawati 3.5, umekuwa ukileta umeme West Nile, na siku hizi gridi ya taifa nayo imefika kwetu. Kwa hiyo kuchaji si taabu kama zamani. Mtu akitumia saa-wati 15 kwa kila kilomita, atakwenda kama kilomita 40. Kutoka Arua mpaka Koboko ni kilomita 55 hivi. Basi asiwadanganye mtu kwamba atafika Koboko na mzigo kwa betri moja kama hii bila kukanyaga pedali. Kanyageni, mota ni msaidizi.

Chajini nje ya chumba cha kulala, penye upepo, wala msichaji betri iliyovimba au iliyolowa. Moto wa lithiamu hauzimiki kwa urahisi.

Sasa mjomba yumo kazini. Hupanda mlima bila kushuka, na binti yake yumo darasani. Kila asubuhi, kabla ya kupakia, huinua gurudumu la nyuma, huzungusha mpini, kisha huvuta breki ya kulia na ya kushoto. Hapo tu ndipo hufunga gunia la kwanza.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Betri ya lithiamu ina seli 16 mfululizo, na kila seli ikijaa ni volti 3.65. Je, kontrola yenye kapasita za 63V inaihimili? Imebakiwa na nafasi ya volti ngapi?

2. Mpandaji na mzigo na baiskeli ni kilo 120. Mlima unapanda meta 5 katika 100. Kwa mwendo wa meta 3 kwa sekunde, ni wati ngapi za kuinua uzito huo peke yake?

3. Kontrola ni ya ampea 22, ubao wa betri unaruhusu 20. Eleza litakalotokea mlimani, na jinsi ya kurekebisha.

4. Kwa nini waya mweusi wa mpini ukikatika ni hatari, na mwekundu ukikatika mota husimama tu?

Atakayepata majibu na aje karakana siku ya Jumamosi. Wazee wetu wenye ujuzi wa umeme, karibuni nanyi mtusahihishe, maana asiyeuliza hanalo ajifunzalo.